Galaksi zinazotukimbia kuliko kasi ya nuru, na jinsi tunavyoziona

Swali hili limeletwa na mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari. Kwa maneno yake mwenyewe: “Nilipokuwa nikifundisha kidato cha nne mada ya elimu ya nyota, niliwaambia wanafunzi kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na kwamba hakuna kitu kinachoipita nuru kwa kasi. Siku ya pili mwanafunzi mmoja akaja na jambo alilolisoma: kwamba ulimwengu tunaoweza kuuona unafika umbali wa miakanuru bilioni 46 kila upande (mwakanuru mmoja ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka), na kwamba zipo galaksi zinazotukimbia kwa kasi kubwa kuliko ya nuru. Akaniuliza, kama zinakimbia hivyo, nuru yake imetufikiaje? Na kama tungekuwa na darubini kubwa kuliko zote, tungeuona ukingo? Sikuwa na jibu la kumpa.”

Mwalimu, kwanza nikupongeze kwa kutomjibu kwamba jambo hilo halimo kwenye mtihani. Mwanafunzi wako amesoma sawasawa, nawe ulifundisha sawasawa. Maneno yote hayo ni ya kweli kwa wakati mmoja. Tena ningeongeza la kumshangaza zaidi: galaksi nyingi zilizomo katika picha za kina zilizopigwa na darubini za siku hizi zilikuwa zikitukimbia kuliko kasi ya nuru siku ile ile nuru yake ilipoanza safari ya kuja kwetu, na safari hiyo imefika salama. Mipaka ya kuona ipo, ila haiko pale ambapo wengi hudhani iko, yaani pale ambapo kasi ya galaksi inalingana na kasi ya nuru. Nitaanza na kupanuka kwenyewe, kisha nikae kwa muda kwenye safari ya nuru, maana hapo ndipo ulipobanwa.

Habari yenyewe ina miaka zaidi ya 100. Mnamo mwaka 1912, katika kituo cha Lowell kilichoko Flagstaff, Arizona, Vesto Slipher alifanikiwa kuichambua nuru ya nebula ya Andromeda, doa linaloonekana kama wingu angani, katika rangi zake, akaona kwamba mistari ya spektra yake, yaani ya mtandazo wa rangi hizo, imehama kuelekea buluu, dalili kwamba inatusogelea kwa kiasi cha kilomita 300 kila sekunde. Kufikia mwaka 1917 alikuwa amepima nebula 25, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kinyume na Andromeda: mistari yake ilihamia upande wa wekundu, maana yake zinaondoka. Kilichokosekana kilikuwa ni umbali. Kipimo cha umbali kilitoka kwa Henrietta Leavitt wa Harvard, ambaye alizichunguza nyota za aina ya Sefeidi, zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko maalumu, katika Wingu Dogo la Magellan, akaonyesha kwamba kadiri mzunguko unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyokuwa na mng'ao mkubwa kwa asili yake. Wingu hilo ni letu sisi wa kusini mwa ikweta: ukiwa karibu na Dar es Salaam, mahali pasipo na taa, unaliona chini upande wa kusini katika usiku wa Novemba na Desemba, ilhali mtu wa Ulaya halioni kamwe akiwa kwao.

Edwin Hubble alitumia kipimo cha Leavitt kwenye Andromeda, kwa darubini ya kioo cha mita 2.5 iliyokuwa juu ya mlima Wilson huko California, na kuthibitisha kwamba ile si nebula iliyomo ndani ya galaksi yetu bali ni galaksi nyingine kabisa. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alitoa hesabu ya ulimwengu unaopanuka kutokana na milinganyo ya Einstein. Miaka miwili baadaye Hubble akachapisha uhusiano kati ya umbali na kasi. Sehemu kubwa ya spektra ngumu za miaka iliyofuata zilichukuliwa na Milton Humason, aliyeufikia mlima ule kwa mara ya kwanza akiwa mchunga nyumbu wa kubeba mizigo. Vitabu vya shule humtaja Hubble peke yake, jambo ambalo naliona si haki. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipopendekeza mwaka 2018 kwamba sheria hiyo iitwe sheria ya Hubble na Lemaître, ulichelewa sana, lakini bora kuchelewa.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Kwa kila umbali wa miakanuru milioni 3.26, kasi ya kuondoka huongezeka kwa kilomita 70 hivi kila sekunde. Galaksi iliyo mbali mara mbili huondoka kwa kasi mara mbili, iliyo mbali mara 10 kwa kasi mara 10. Sasa waambie wanafunzi wafanye hesabu ubaoni: ukigawa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa 70, unapata kama 4,290, ukizidisha kwa milioni 3.26, unapata miakanuru bilioni 14. Ng'ambo ya umbali huo, kila galaksi inaondoka kwa kasi inayozidi ya nuru. Hakuna ujanja wowote uliofanyika. Ni kugawanya na kuzidisha tu.

Je, hilo halivunji sheria ya Einstein? Halivunji, na sababu yake inaonekana vizuri kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ambao watoto huukata kutengenezea manati. Kata utepe mrefu, utie alama za wino kila baada ya sentimita moja, kisha uvute. Kila sentimita imerefuka kidogo tu, lakini alama zilizo mbali zina sentimita nyingi katikati yake, na urefu wote ule mdogo mdogo ukijumlishwa unakuwa kasi kubwa. Hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Ni mpira uliorefuka kati ya alama na alama. Sheria ya Einstein inakataza kitu kuipita nuru pale pale kilipo, yaani vikiwa vinapishana ubavu kwa ubavu. Haisemi lolote la kuzuia utepe mrefu wa kutosha usirefuke kwa jumla ya kasi yoyote ile. Galaksi za mbali, kwa hiyo, hazishindani mbio na nuru. Ukiwa ndani ya mojawapo ungeona nuru inakupita kwa kasi yake ile ile ya siku zote.

Hapa huwa naulizwa kwa nini basi mlima Kilimanjaro haupanuki, wala umbali wetu na jua. Jibu ni fupi. Pale ambapo nguvu ya uvutano, au nguvu zinazoshikamanisha atomu, zimekwisha kukifunga kitu pamoja, hakuna kurefuka kunakotokea. Andromeda na galaksi yetu zimefungwa hivyo, ndiyo maana Slipher aliiona ikija badala ya kuondoka. Kupanuka kunaanza kutawala nje ya makundi ya galaksi.

Sasa tufike kwenye safari ya nuru. Mweke sisimizi juu ya utepe wako, mbali na mkono wako wa kushoto, umwache atembee kuelekea mkono huo kwa mwendo wake usiobadilika, huku mkono wa kulia ukivuta. Tuseme unavuta kwa nguvu kiasi kwamba alama aliyoanzia inaondoka kwa kasi kuliko mwendo wake. Utakachokiona mwanzoni ni cha ajabu: sisimizi anatembea kuelekea mkono wako, na wakati huo huo anazidi kuwa mbali nao. Mtu asiye na subira atasema mnyama huyu hafiki kamwe. Lakini angalia anachokifanya kwa kila hatua. Anaiacha sehemu ya mpira inayokimbia sana na kukanyaga sehemu iliyo jirani zaidi na mkono, inayokimbia kidogo kuliko ile ya kwanza. Ataendelea kurudishwa nyuma, lakini kwa kasi inayopungua, mpaka afike sehemu ya mpira inayoondoka kwa kasi sawasawa na mwendo wake. Hapo, kwa muda mfupi, umbali wake na mkono haubadiliki. Hatua inayofuata inamweka kwenye mpira wa polepole zaidi, na kuanzia hapo anakaribia mpaka anafika.

Sisimizi wetu wa kweli ni nuru ya galaksi iliyoandikishwa kwa jina la JADES-GS-z14-0. Ilitangazwa mwaka 2024 kutokana na vipimo vya darubini ya anga ya Webb, na mwaka uliofuata mtambo wa darubini za redio wa ALMA uliopo Chile ukaipata ikiwa na oksijeni, jambo lililowashangaza wengi kwa kitu kichanga kiasi hicho, na ukausahihisha zaidi umbali wake. Mwaka huo huo wa 2025 galaksi nyingine, MoM-z14, ilitangazwa kuwa mbali kidogo zaidi, lakini nitabaki na hii ya kwanza kwa kuwa imepimwa na mitambo miwili tofauti. Mawimbi ya nuru yake yametufikia yakiwa yamerefuka kama mara 15, na maana ya namba hiyo ni kwamba tangu nuru hiyo ilipoondoka, umbali wote kati ya makundi ya galaksi umekua mara 15.

Nuru hiyo iliondoka wakati ulimwengu una umri wa kama miaka milioni 300. Siku hiyo, galaksi ile na mada (yaani gesi na vitu vingine) iliyokuja kuwa galaksi yetu zilitenganishwa na miakanuru bilioni 2.2 tu. Kupanuka kwa wakati ule kulikuwa kwa kasi kubwa sana kuliko leo, hivyo galaksi ile ilikuwa inatukimbia kwa takriban mara tano ya kasi ya nuru. Nuru iliyotoka ikielekea kwetu ilichukuliwa kinyumenyume kama sisimizi yule. Ilizidi kuwa mbali nasi kwa mabilioni ya miaka, mpaka ulimwengu ulipofikia umri wa miaka kama bilioni 4, ambapo nuru ile ilikuwa kwenye umbali wa karibu miakanuru bilioni 5.8 na ikawa kana kwamba imesimama. Katika kipindi hicho chote uvutano wa mada ulikuwa ukipunguza mwendo wa kupanuka, jambo lililoisaidia zaidi. Kisha ikaanza kukaribia, na baada ya safari ya miaka bilioni 13.5 ikaangukia kwenye kioo cha Webb. Galaksi yenyewe, ikiwa ingalipo kwa umbo lolote, leo iko umbali wa miakanuru bilioni 34 hivi.

Hapo, mwalimu, ndipo lilipo jibu la kitendawili cha mwanafunzi wako. Neno “umbali” limebeba maswali matatu ndani yake: galaksi ilikuwa wapi nuru ilipoondoka, nuru imesafiri muda gani, na galaksi iko wapi leo. Kwa galaksi hii majibu ni bilioni 2.2, bilioni 13.5 na bilioni 34, na yote ni sahihi. Magazeti hulipenda lile la katikati, kwa kuwa halizidi umri wa ulimwengu na hivyo halimtii mtu wasiwasi, lakini mimi naliona kuwa ni muda uliovikwa nguo za umbali. Atakapotajiwa mtu umbali wa galaksi ya mbali sana bila kuambiwa ni upi kati ya hiyo mitatu, ana haki ya kuuliza.

Kuna matokeo ya pembeni ambayo siwezi kuyaruka. Kwa kuwa nuru ya galaksi za mbali mno iliondoka zikiwa jirani nasi zaidi, ukubwa wake angani hauendelei kupungua kama tulivyozoea kwa gari linaloondoka barabarani. Ukipita kiwango ambacho mawimbi yamerefuka zaidi ya mara 2.6 hivi, galaksi ya ukubwa ule ule huanza kuonekana pana zaidi kadiri inavyokuwa mbali zaidi. Inaonekana pana lakini hafifu sana, na kuhusu uhafifu huo nitarudi.

Ile bilioni 46 inapatikana kwa kuipeleka hesabu hiyo hadi mwanzo. Nuru kongwe kuliko zote tunayoipokea ni ile iliyoachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa kwa antena huko New Jersey na kuitangaza mwaka 1965. Kabla ya hapo ulimwengu ulikuwa moto wa elektroni huru, na nuru haikuweza kupenya, kama vile taa za gari zisivyopenya ukungu mzito. Mada iliyotoa nuru hiyo ilikuwa umbali wa miakanuru milioni 42 tu kutoka hapa tulipo. Mawimbi yamerefuka kama mara 1,100, hivyo mada hiyo leo iko mbali kidogo zaidi ya miakanuru bilioni 45. Ukiweka na ile sehemu iliyofunikwa na ukungu, yaani mpaka mwanzo wenyewe, unapata 46. Mpaka huu unaitwa upeo wa kuonekana, na kila mwaka unaopita unasogea mbele kidogo, kwa kuwa nuru iliyokuwa bado njiani inafika.

Mpaka wa pili hausogei kwa faida yetu. Wanahisabati wamekwisha kuonyesha kwamba iwapo mkono unavuta utepe kwa mwendo usiobadilika, sisimizi atafika daima, hata kama ni baada ya muda mrefu usioelezeka. Lakini iwapo mkono unavuta kwa kasi inayozidi kuongezeka, wapo sisimizi ambao hawatafika milele. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, yaliyokuwa yakipima mng'ao wa nyota zinazolipuka, yaani supanova, yaligundua kwamba ulimwengu wetu ni wa aina hii ya pili: kupanuka kunaongezeka kasi. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2011, na kitu kinachosababisha ongezeko hilo kikapewa jina la nishati ya giza, jina ambalo kwa maoni yangu linakiri kutojua zaidi ya linavyoeleza.

Kwa sababu hiyo kuna umbali, leo hii, ambao nuru inayotoka ng'ambo yake wakati huu haitatufikia hata tungoje milele. Ni kati ya miakanuru bilioni 16 na 17, na unaitwa upeo wa matukio. Linganisha na ile bilioni 14 tuliyoipata ubaoni: hizi mbili haziko sawa. Galaksi iliyo katika umbali wa bilioni 15 inatukimbia leo kuliko kasi ya nuru, na bado nuru inayoitoa leo itatufikia siku moja. Hivyo hata katika ulimwengu unaoongeza kasi, kulingana na nuru kwa kasi si ukuta.

Lakini galaksi yoyote ambayo mawimbi yake yamerefuka karibu mara tatu au zaidi imekwisha kuuvuka upeo wa matukio. Tunachokiona ni nuru iliyotoka kabla haijavuka. Kwa ujazo, sehemu ambayo bado ingeweza kutuma habari zake za leo kwetu ni kama moja ya ishirini tu ya ulimwengu unaoonekana. Nyingine zote tunaziona kwa barua za zamani, na barua mpya haitakuja. Ukiifanya hesabu kwa JADES-GS-z14-0, inatoka kwamba wakazi wa hapa, hata wakiangalia kwa mabilioni ya miaka ijayo, hawataiona kamwe ikiwa katika ulimwengu wenye umri uliozidi kidogo miaka bilioni 3. Utoto wake tunauona sasa, ujana wake utaendelea kuonekana polepole mno, kila tukio likirefushwa zaidi ya lililotangulia, na baada ya hapo nuru yake itazidi kuwa nyekundu na kufifia. Haitazama ghafla kama jua la magharibi. Inakadiriwa kwamba baada ya miaka kama bilioni 100 au zaidi kidogo, galaksi zote zilizo nje ya kundi letu dogo zitakuwa zimefifia hivyo, na mtu wa wakati huo akitazama nje ya galaksi yake ataona giza tupu.

Nimezungumzia mipaka ya kimaumbile. Katika kazi ya kila siku, hata hivyo, kinachowasumbua wanaastronomia ni mambo ya kawaida zaidi. La kwanza ni ule uhafifu niliouahidi. Nuru inapopita katika ulimwengu unaopanuka, kila fotoni, yaani chembe ya nuru, inapoteza nishati, fotoni zinafika kwa kuachana zaidi, na picha ya galaksi inatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi la anga. Ukivijumlisha, mng'ao wa kila kipande cha uso wa galaksi hupungua kwa kiwango cha kurefuka kikizidishwa mara nne chenyewe kwa chenyewe. Kwa kurefuka mara 15, ni 15 mara 15 mara 15 mara 15, yaani zaidi ya 50,000. Galaksi sawa na ile ingeng'aa mara 50,000 zaidi kwa kila kipande kama kupanuka kusingekuwepo. Ndiyo maana picha za kina huhitaji kuelekeza darubini mahali pamoja kwa siku nyingi. Ile ya kwanza iliyosifika, iliyopigwa na darubini ya anga iliyopewa jina la Hubble mwezi Desemba 1995, ilichukua siku 10 kuangalia kipande cha anga kidogo kuliko punje ya mchanga iliyoshikwa kwa urefu wa mkono, na ndani yake zikahesabiwa galaksi kama 3,000.

La pili ni rangi. Nyota changa na za moto hutoa nuru nyingi ya urujuanimno. Haidrojeni iliyotanda kati ya galaksi katika zama zile humeza karibu yote yenye wimbi fupi kuliko nanomita 121.6, kwa hiyo galaksi huonekana kuanzia wimbi hilo na kuendelea. Likirefuka mara 15 linakuwa maikromita 1.8, ambayo ni infraredi, mbali kabisa na uwezo wa jicho na nje ya uwezo wa darubini ya Hubble, ambayo huishia karibu na maikromita 1.7. Hubble haikushindwa kwa udogo wa kioo chake cha mita 2.4 peke yake. Ilikuwa haina macho ya rangi hiyo. Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa, ina kioo cha mita 6.5 na imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikiwa na kivuli cha kuikinga na joto la jua, kwa kuwa kitu chenye joto hutoa infraredi chenyewe na kingejipofusha.

La tatu ni kwamba galaksi zina siku ya kuzaliwa. Kati ya ile nuru kongwe ya mwaka wa 380,000 na nyota za kwanza kulikuwa na kipindi cha giza cha makumi mengi ya mamilioni ya miaka, ambacho hakikuwa na galaksi yoyote. Hata darubini yenye kioo cha ukubwa wa mwezi isingepata galaksi humo. Kilichokuwamo ni gesi ya haidrojeni, ambayo hutoa wimbi la redio la sentimita 21. Wimbi hilo likitoka zama za JADES-GS-z14-0 na kurefuka mara 15 linafika kwetu kwenye megahezi 95 hivi, na nadhani wanafunzi wako watalitambua eneo hilo: ni katikati ya stesheni za FM. Wanaoitafuta dalili hiyo hafifu wanashindana na matangazo ya mpira na muziki, ndiyo sababu mitambo yake hujengwa jangwani. Antena za SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, za masafa hayo ya chini zinajengwa magharibi mwa Australia, wakati madishi ya masafa ya juu yako katika Karoo, Afrika Kusini, penye darubini ya redio ya MeerKAT yenye madishi 64. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizo washirika wa mradi huo.

Ungependa kujua pia kwamba namba nilizokupa zina mgogoro ndani yake. Vipimo vya nuru kongwe vilivyofanywa na chombo cha anga cha Planck vinatoa kasi ya kupanuka ya kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila miakanuru milioni 3.26, ilhali vipimo vya Sefeidi na supanova vinatoa 73 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko makosa ya vipimo yanayokubaliwa na kila upande, na haijapatanishwa. Ikipatanishwa, bilioni 14 yangu inaweza kuwa 13.4 au 14.5, na zile nyingine zikasogea kwa kiasi hicho hicho. Njia ya sisimizi itabaki ile ile.

Umebaki ukingo. Kasoro ya utepe wako wa mpira ni kwamba una ncha mbili, na mwanafunzi mwerevu atauliza ncha za ulimwengu ziko wapi. Katika vipimo vyote tulivyonavyo hakuna dalili ya ncha. Mtu aliye kwenye JADES-GS-z14-0 leo, akiwepo, amezungukwa na upeo wake wa miakanuru bilioni 46 kila upande, na sisi tuko ndani yake, tukionekana kama wingu la gesi na nyota chache changa kabla jua letu halijafikiriwa. Upeo ni kama ule wa baharini: nahodha wa jahazi anao, na aliyeko ufukweni anao wake.

Darubini kubwa zaidi inajengwa sasa hivi, ile yenye kioo cha mita 39 juu ya mlima Armazones huko Chile. Itatuonyesha galaksi hafifu kuliko za leo, na kuzichambua spektra zake vizuri zaidi, lakini haitausogeza upeo hata kwa mwakanuru mmoja, kwa kuwa upeo unasogezwa na kupita kwa miaka peke yake. Nao una kikomo: mada iliyoko leo katika umbali wa miakanuru bilioni 63 hivi ndiyo ya mwisho ambayo nuru yake ya zamani itawahi kufika hapa, na iliyo ng'ambo ya hapo haijaonekana wala haitaonekana.